Nataka kuacha kufundisha, lakini mwenye shule ndiye aliyenipokea stesheni

Shikamoo Somo,

Mimi ni mwalimu, nina miaka 29, kwetu ni Voi. Nilisomea ualimu wa Kiingereza na Fasihi, nikafundisha sekondari moja kwa mkataba wa bodi ya shule huku nikisubiri TSC, tume ya walimu ya Kenya, ambao hawakuwahi kunikumbuka. Ndipo nikapata kazi Japani. Sasa niko Hamamatsu, na Septemba iliyopita nilitimiza miaka miwili.

Ninapofundisha panaitwa eikaiwa, yaani shule ya mazungumzo ya Kiingereza. Usifikirie shule ya kengele na sare. Ni vyumba viwili juu ya duka la mchele, na ngazi ya chuma nje. Watoto huja wakitoka shule zao, watu wazima huja wakitoka kazini. Kila somo ni dakika 50, na ada hulipwa kwa mwezi.

Mwenye shule ni mama wa miaka sitini na kitu. Shule aliianzisha mumewe, ambaye sasa ni marehemu. Siku niliyofika alinisubiri stesheni kwenye joto la Septemba, amelishika jina langu limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kadibodi, herufi moja amekosea. Kumbe alikuwa ameshaninunulia godoro la kutandika chini, chungu cha umeme cha kupikia wali, na mwavuli. Mwaka jana baba yangu alifariki na sikuweza kwenda kumzika. Nilipomwambia hakujibu kitu. Kesho yake akaja mlangoni kwangu na bahasha nyeupe iliyofungwa uzi mweusi na mweupe, ndani yen 30,000. Akainama, akakaa vile vile ameinama mpaka nikaona haya. Zile pesa ndizo zilizonunua mbuzi na mchele wa matanga. Mama yangu bado humwombea dua kila Ijumaa, na hata jina lake hawezi kulitamka.

Sasa Somo, mwezi wa Juni mwalimu mwenzangu aliondoka na hakuna aliyekuja badala yake. Madarasa yake yote yakawa yangu. Nafundisha Jumanne mpaka Jumamosi, kuanzia watoto wa miaka mitatu wanaolia wakiachwa na mama zao mpaka mainjinia wa kiwandani wanaosinzia saa mbili usiku. Mkataba unasema saa 29 na nusu kwa wiki. Hazihesabiwi saa za kuandaa masomo, za kusafisha choo, wala za kusimama stesheni nikigawa karatasi za matangazo. Mshahara ni yen 240,000, na kodi ya nyumba yen 52,000 inakatwa humo humo, kwa sababu nyumba imepangwa kwa jina la shule. Likizo sijachukua hata siku moja. Nikiuliza naambiwa tulifunga wakati wa Obon, sikukuu yao ya kuwakumbuka wafu, na Mwaka Mpya, ndiyo likizo yenyewe. Bima ya afya najilipia mwenyewe manispaa. Mwezi wa Oktoba nilipata kizunguzungu nikiwa darasani, nikakaa chini katikati ya wimbo wa watoto, na wao wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakakaa pia.

Nimepata kazi nyingine. Ni shule ya sekondari ya binafsi, kwa treni ni kama saa moja, kuanzia Aprili. Mshahara ni yen 310,000 na bima zote. Wanataka jibu kabla ya katikati ya Desemba.

Wiki mbili zilizopita nilimwambia mama mwenye shule kwamba nitaondoka mwisho wa Machi. Kwanza alilia. Kesho yake alinijia na mkataba akanionyesha kifungu: kuondoka kabla ya mwisho wa Agosti, faini yen 300,000. Kingine kinataka notisi ya miezi mitatu. Akasema viza yangu ni ya shule, atapiga simu Uhamiaji ifutwe, na nyumba nitaitoka siku hiyo hiyo. Yule yule aliyeinama mlangoni kwangu.

Mkataba wa kwanza niliusaini kabla ya kuja, wa pili mwaka jana. Wa mwaka huu sijausaini. Septemba alisema tuendelee kama kawaida, karatasi italetwa, na mpaka leo haijaletwa.

Kinachoniumiza zaidi ni mzee mmoja wa miaka 78, mwanafunzi wangu wa Jumamosi saa nne asubuhi. Mjukuu wake yuko Vancouver na hajui Kijapani, kwa hiyo mzee anajifunza Kiingereza ili azungumze naye. Ana daftari la kijani ambalo huandika kila sentensi aliyoiweza, na tarehe pembeni. Wiki jana aliniuliza, "Sensei, mwaka ujao tupo?" Nikamjibu tupo.

Somo, naweza kuondoka? Na nikiondoka, mimi ni mtu wa namna gani?

Mwalimu wa Ghorofani,
Hamamatsu

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa baba, na pole zaidi kwa kumlilia ukiwa peke yako mbali na wenzio. Mungu amrehemu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Niliishi Saitama miaka sita, minne kati yake nikifundisha eikaiwa kama wewe, kwa hiyo ile ngazi ya chuma naijua hata sauti yake. Umeniuliza maswali mawili. La kwanza ni la karatasi. La pili ni la moyo, na ndilo linalokunyima usingizi. Lakini nitaanza na karatasi, maana mtu aliyetishwa hawezi kuupima moyo wake sawasawa.

Mstari nilioupigia kalamu ni ule ulioutaja kama wa kupita: mkataba wa mwaka huu hujausaini. Mwanangu, huo ndio mstari mzito kuliko yote uliyoandika. Kwa sheria ya Japani, mfanyakazi mwenye mkataba wa muda maalumu hawezi kuuvunja katikati hivi hivi; anatakiwa awe na sababu isiyoepukika, au akubaliane na mwajiri. Kama ungekuwa umesaini Septemba, ningekwambia tukae tufikirie namna ya kuzungumza naye mpaka akubali. Lakini kifungu cha 629 cha Sheria ya Madai kinasema hivi: mkataba ukiisha, mfanyakazi akaendelea na kazi, na mwajiri anajua na hakupinga, basi inachukuliwa kwamba kazi imeendelea kwa masharti yale yale, isipokuwa kuhusu kuacha kazi. Hapo kinatumika kifungu cha 627, kile cha wafanyakazi wasio na ukomo wa mkataba, na wao wanaweza kuacha kazi kwa notisi ya wiki mbili. Wewe umempa miezi minne. Hata ile miezi mitatu ya mkataba wake umeitimiza na kuzidisha.

Kwa hiyo usisaini karatasi yoyote sasa. Akikuletea kesho mkataba wenye tarehe ya Septemba, akasema ulisahaulika, mwambie kwa adabu kwamba utausoma nyumbani, kisha ukae nao nyumbani. Na kabla ya kumtajia vifungu, chukua mikataba yako miwili na hati zako zote za mshahara uende kwenye dirisha la ushauri wa kazi. Madirisha hayo yako ndani ya Ofisi za Ukaguzi wa Viwango vya Kazi, ambazo wenyewe huita Rodo Kijun Kantokusho. Ni bure. Ipo pia huduma ya simu ya lugha mbalimbali, Kiingereza ikiwemo. Waonyeshe, wakuthibitishie kwa midomo yao. Mimi ni Somo wako, si wakili wako, na mikataba yako sijaiona kwa macho.

Ile faini ya yen 300,000 haina nguvu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Viwango vya Kazi kinamkataza mwajiri kuweka kwenye mkataba faini ya kuacha kazi au kiasi cha fidia kilichopangwa mapema. Hata kama uliisaini kwa wino na muhuri, haikufungi. Mwajiri anaweza kudai hasara aliyoipata kweli na akaithibitisha mbele ya hakimu, lakini kwa mwalimu aliyetoa notisi ya miezi minne hiyo ni safari ndefu isiyo na chakula. Wala hawezi kuikata faini hiyo kwenye mshahara wako wa mwisho. Mshahara hulipwa mzima, na ukishaacha kazi ukadai ulichofanyia kazi, anatakiwa akulipe ndani ya siku saba.

Sasa viza, maana hapo ndipo wengi wetu tunaposhikwa koo. Toa kadi yako ya ukaazi kwenye pochi uitazame. Ina jina lako, picha yako, anwani yako, na aina ya ukaazi. Jina la shule limeandikwa wapi? Halipo. Shule ilikudhamini ulipokuwa unaingia, lakini ruhusa ya kukaa ulipewa wewe. Akipiga simu Uhamiaji kusema umeacha kazi, atakuwa ametoa taarifa ambayo waajiri wanatarajiwa kuitoa hata hivyo. Mwaka 2007 ilipoanguka Nova, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za eikaiwa, maelfu ya walimu wa kigeni walijikuta hawana mwajiri wala mishahara waliyokuwa wakidai. Iliwaumiza vibaya, lakini viza zao hazikufa na kampuni. Walitafuta waajiri wengine, na wako waliobaki Japani mpaka leo.

Wajibu wa kutoa taarifa ni wako pia: ndani ya siku 14 tangu uache kazi uwaarifu Uhamiaji, na ukianza kwingine uwaarifu tena ndani ya siku 14. Inafanyika kwa intaneti, dakika chache. Wanaosahau huumbuka siku ya kuongeza muda wa viza.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza, na lingeweza kukutia matatani kuliko yote uliyoyaogopa. Mwalimu wa eikaiwa huwa kwenye aina ya ukaazi inayoitwa Mhandisi, Mtaalamu wa Sayansi ya Binadamu na Huduma za Kimataifa. Mwalimu wa shule ya sekondari, hata iwe ya binafsi, anatakiwa awe kwenye aina ya Mwalimu, kwa Kijapani Kyoiku. Ni lazima ubadilishe, na usifundishe hata somo moja pale papya kabla hujabadilishiwa. Maombi huchukua mwezi mmoja au miwili, pengine zaidi kukiwa na foleni ya majira ya kuchipua. Shule mpya ikikupa mkataba Desemba, peleka maombi Januari. Kisha angalia hapa: siku utakayopokea kadi mpya ndiyo siku ruhusa ya kazi ya zamani inapokoma. Usiende kuichukua Machi 10 halafu jioni ukarudi ghorofani kuwafundisha mainjinia. Panga siku yako ya mwisho ya kazi kwanza, kadi baadaye. Waeleze hivyo shule mpya. Shule iliyozoea walimu wageni itakuelewa upesi.

Likizo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimekasirika. Mfanyakazi wa siku tano kwa wiki aliyefikisha miezi sita anapata siku 10 za likizo ya malipo. Akifikisha mwaka mmoja na nusu anapata siku 11 nyingine, na kila fungu hudumu miaka miwili. Kama hujawahi kuchukua hata moja, wewe una siku 21, na mwezi wa Machi utakapotimiza miaka miwili na nusu unaongezewa 12. Lakini Machi huo huo zile 10 za kwanza zinapotea, kwa hiyo zitumie mapema. Shule kufungwa wakati wa Obon hakuzili siku zako, isipokuwa kama pana makubaliano ya maandishi na mwakilishi wa wafanyakazi, na katika shule ya mwalimu mmoja mwakilishi huyo angekuwa nani kama si wewe? Tangu Aprili 2019 mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha mfanyakazi kama wewe anapumzika siku zisizopungua tano kwa mwaka. Ile siku uliyokaa chini katikati ya wimbo, mwili wako ulikuwa unadai ulichonyimwa. Nenda hospitali ukapimwe damu kwanza, hata kabla ya hiyo safari ya dirishani. Bima ya manispaa unayo, utalipa asilimia 30 tu.

Hati zako za mshahara zitazame pia kama pana makato ya bima ya kukosa ajira, koyo hoken. Kwa saa zako unastahili kuwemo. Kama humo, uliza pale dirishani, maana hurekebishwa kurudi nyuma. Siku ukiondoka, omba hati ya kodi ya mwaka na cheti cha kwamba ulifanya kazi pale. Vyote ni haki yako.

Nyumba haina mjadala mrefu. Mpangaji ni shule, kwa hiyo ukiacha kazi utatoka. Lakini notisi yako ni ya mwisho wa Machi, na hakuna siku hiyo hiyo. Anza kutafuta Januari, kwa sababu Machi Japani nzima inahama. Ulizia nyumba za UR, zile za shirika la umma: hawataki mdhamini wala ile pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba isiyorudi. Wanachotazama ni kipato chako, na mkataba mpya utakusemea.

Basi, hayo ndiyo ya karatasi. Njoo sasa tukae.

Umeuliza wewe ni mtu wa namna gani ukimwacha aliyekupokea. Nimeifikiria sana ile bahasha. Mimi sitakwambia kwamba mama huyu alikuwa anakuwekea mtego tangu siku ya kwanza, kama watakavyokwambia wenzako kwenye simu. Mtu hanunui mwavuli kwa ajili ya mtego. Aliinama kwa baba yako kwa dhati, na faini alikuonyesha kwa dhati pia, kwa sababu ameogopa. Shule ile ni ya mumewe. Ukiondoka wewe, huenda akaifunga, na akiifunga atakuwa amemzika mara ya pili. Hofu hiyo naielewa, na hata kukuelezea nakuelezea kwa huruma. Ila hofu yake si deni lako.

Kwetu Pwani tunazijua hizi fadhila zinazogeuka kamba. Mjomba anakulipia karo, halafu miaka kumi baadaye anataka umwoe binti wa rafikiye. Bibi mwenye duka anakupa mchele wa mkopo siku ya dhiki, halafu huwezi tena kununua kwingine bila yeye kununa. Anayefadhili huwa ametoa kweli, na anayefadhiliwa huwa anashukuru kweli, lakini siku moja yule aliyetoa anaanza kuhesabu. Ukiona mtu ameanza kuhesabu, ujue fadhila imekwisha kuwa biashara, na biashara ina mikataba yake na sheria zake, ambazo tumeshazipitia hapo juu.

Shukrani yako kwa ile bahasha unaidaiwa kama mtoto wa marehemu. Utailipa kwa namna inayolingana nayo: kadi ya Mwaka Mpya kila Januari, simu akiugua, kwenda kwake siku ya kumbukumbu ya mumewe ukainama kama yeye alivyoinama. Hailipwi kwa saa 29 na nusu zisizohesabu usafi wa choo. Kama alitaka ile bahasha inunue miaka yako, hakupaswa kuifunga uzi wa msiba.

Na kuna unachodaiwa kama mwalimu, hicho sikupunguzii. Nitakwambia la kwangu ili unielewe. Mimi sikuondoka kama mtu mzima. Mwenye shule yangu alikuwa mwanamume mpole, na mimi nilishindwa kumtazama usoni. Jumapili moja nikaacha ufunguo na barua ya mistari minne chini ya kikombe chake cha chai, nikapanda treni. Sheria haikunifuata, hakuna aliyenidai senti. Lakini nilikuwa na darasa la wamama watano wa Jumatatu asubuhi, na mmoja alikuwa ameoka keki kwa ajili ya siku yangu ya kuzaliwa. Nilikuja kuambiwa na mwenzangu miezi mingi baadaye. Walikaa na ile keki mpaka somo likaisha. Ni miaka kumi na minne sasa, na bado Jumatatu nyingine naiona ile keki.

Kwa hiyo wewe ondoka kwa mlango wa mbele. Andika barua ya kuacha kazi, wao huiita taishoku todoke. Tumia hilo neno hasa, todoke, kwa kuwa ndilo la kutoa taarifa. Liko jingine, negai, ambalo ni la kuomba, na anayeomba huweza kukataliwa. Andika tarehe, siku ya mwisho ya kazi, na ile sentensi ambayo Wajapani wote huiandika: isshinjo no tsugo ni yori, kwa sababu zangu binafsi. Usieleze zaidi. Usilalamike humo kuhusu choo wala likizo. Piga picha nakala. Mpe mkononi, kwa mikono miwili, mkiwa peke yenu, asubuhi kabla watoto hawajaja. Akikataa kuipokea, usibishane. Nenda posta uitume kwa ile huduma inayoweka nakala ya maandishi na tarehe, naiyo shomei, uongeze na hati ya kuthibitisha kwamba imemfikia. Hapo hatasema hakuijua.

Siku ya kumpa barua usitaje sheria. Mwambie osewa ni narimashita, umenitunza, kwa sababu ni kweli alikutunza. Mwambie utabaki mpaka tarehe uliyoandika na utamsaidia kumwelekeza mwalimu mpya. Akirudia habari ya faini au Uhamiaji, mjibu kwamba umeuliza ofisi ya kazi na wamekueleza, basi, usiongeze. Mara nyingi sentensi hiyo moja inatosha. Ikishindikana kabisa, viko vyama vya wafanyakazi vyenye walimu wengi wa kigeni, kama General Union ya Osaka na Tozen ya Tokyo, nao wamezizoea kesi kama yako. Lakini mimi naona huyu mama akipoa atakuja mwenyewe.

Jibu la shule mpya lipeleke wiki hii. Usingoje ruhusa yake.

Kisha kaa chini na madaftari. Kila darasa liandikie ukurasa mmoja: kitabu kimefika wapi, nani ana aibu ya kusema, nani analia mama yake akitoka na hutulizwa kwa nini. Hao watoto wa miaka mitatu hawatakukumbuka, usijitese kwa ajili yao. Wazazi wao waambie mwezi wa Februari, ukishapatana na mwenye shule namna ya kusema, wasije wakasikia dukani.

Mzee wa Jumamosi mwambie wewe mwenyewe, na mapema kuliko wote, kwa sababu ulimwambia mpo na yeye ameamini. Usimwambie mwisho wa somo akiwa anavaa koti. Mwambie mwanzoni, ili mbaki na dakika 50 za kukaa na hiyo habari. Akikuuliza kama mtaweza kuonana tena, usikubali masomo ya pembeni kwa malipo. Ruhusa yako mpya haitakuruhusu kirahisi, na huyu mama ataliona kama kuibiwa mwanafunzi. Lakini kikombe cha chai na mzee si kazi. Katika masomo yaliyobaki acheni kitabu, muandae mazungumzo na mjukuu tu: amwulize nini, akijibiwa kwa kasi aseme nini ili arudiwe, na simu ikikatika afanyeje. Jumamosi ya mwisho mpigieni Vancouver pamoja. Huko itakuwa bado Ijumaa jioni, mtoto hajalala. Wewe kaa pembeni usimsaidie. Halafu mwombe lile daftari la kijani, uandike ukurasa wa mwisho kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, na tarehe pembeni kama anavyofanya yeye.

Somo